Sugu ya mkono na sugu ya moyo

Lamu mtu hakusalimu kwa kichwa akapita. Hukupa mkono, akakushika, na mkono wake ukabaki ndani ya wako mpaka habari za nyumbani, za wagonjwa na za safari zimalizike. Ijumaa baada ya swala, kutoka mlangoni mwa msikiti mpaka uwanja wa Mkunguni, utashika viganja vya nusu ya mtaa. Ndiyo maana sisi tuliokulia huku tunajuana kwa viganja. Mvuvi wa mshipi ana mfuo mgumu kwenye kidole cha shahada, pale uzi unapokimbilia samaki akivuta. Fundi wa majahazi wa Matondoni sugu zake zimejipanga mstari mmoja chini ya vidole, pale mpini wa tezo unapokaa. Mchonga mawe wa Maweni, kule Manda, kiganja chake chote ni sugu. Hamali, mbeba mizigo, sugu yake iko begani, chini ya kanzu, na huioni mpaka siku mnapokwenda kuogelea pamoja.

Nalipenda neno hili, sugu, na kwa miaka sasa limekuwa likiniuma kulisikia linavyotumika. Tulilitoa kwenye ngozi tukalipeleka kwenye tabia za watu, jambo ambalo lugha zote hufanya, lakini tulipolibeba tuliacha nyuma mambo matatu ambayo kila mfanyakazi wa mikono anayajua. Kwamba sugu ina kinachoisugua. Kwamba mkono wenye sugu unahisi. Na kwamba msuguano ukikoma, sugu huondoka.

Nana, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alikuwa mtu wa Kipungani, kijiji ambacho wanawake wake wanasifika kwa mikeka. Alisuka ukili, ule mkanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, tangu utoto mpaka mwisho wa umri wake. Sugu zake zilikuwa mbili tu za maana: moja ubavuni mwa dole gumba la kulia, ndefu na ya kung'aa, na nyingine kwenye ncha ya kidole cha pili, ndogo, ya rangi ya chai. Miyaa, yale majani ya kusukia, ilipita baina ya hizo mbili usiku na mchana. Umeme ukikatika, sisi watoto tulikuwa tukitafuta mshumaa na yeye hakupunguza hata mwendo. Aliendelea kusuka gizani huku akitusimulia hadithi, kisha katikati ya sentensi alinyamaza, akaurudisha ukili nyuma kiasi cha shubiri, akalipitisha dole gumba pole pole juu yake. "Hapa pana mwaa umekimbia," akasema, akafumua, akarekebisha. Nilipitisha kidole changu pale pale, kidole laini cha mtoto wa shule ambacho kingepaswa kuhisi kila kitu, nisione chochote. Nilimuuliza alijuaje. "Mato hayaoni," akasema, "mkono wayua." Yaani macho hayaoni, mkono unajua.

Basi mimi nimekua nikijua kwamba ngozi ngumu si ngozi iliyokufa ganzi, na nashangaa tulivyokubali kuyafanya mambo hayo mawili kuwa moja.

Sugu haioti kwa siku moja. Mtu asiyezoea kamba akivuta foromali kupandisha tanga, kesho yake mikono imejaa malengelenge: tabaka la juu la ngozi limeachana na la chini, na maji yameingia katikati. Akipumzika, lengelenge hukauka, ngozi ikabanduka, mambo yakaisha. Lakini akirudi kazini kidogo kidogo, siku baada ya siku, ngozi hubadilisha mbinu. Seli za chini ya tabaka la juu huanza kuzaliana kwa kasi. Zinapopanda kuelekea juu hujaa keratini, protini ile ile iliyomo kwenye kucha, nywele na pembe za mbuzi, kisha hufa. Kwa kawaida seli zilizokufa hupukutika bila mwenyewe kujua. Zikikandamizwa na kusuguliwa kila siku, hubaki zimeshikana tabaka juu ya tabaka, na hilo ndilo tunaloliita sugu. Humo ndani hakuna damu wala mishipa ya fahamu, ndiyo sababu utamwona fundi anaparura ukingo wa sugu yake kwa kisu huku anazungumza na wateja. Mishipa iko chini yake, mizima kabisa.

Na huenda na kurudi. Baharia akikaa nchi kavu msimu mzima viganja vyake hulainika, na msimu ukianza huumia upya pamoja na vijana wapya. Hata ile sijida, doa jeusi la kwenye paji la uso wa mwenye kusujudu sana, huweza kufifia mzee akiugua muda mrefu akawa anaswali kwa kuketi.

Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao juu ya nyayo. Walipima watu wazima zaidi ya mia moja, wengi wao Wakenya na wengine Wamarekani, baadhi wakiwa watu wa kutembea pekupeku na baadhi watu wa viatu. Walichokikuta kwanza hakikumshangaza yeyote: watembea pekupeku wana sugu nene na ngumu zaidi kwenye nyayo. La pili ndilo lililo zito. Walipopima uwezo wa wayo kuhisi mtetemo, waligundua kwamba unene wa sugu hauupunguzi. Sugu ni ngumu, na kwa ugumu wake huupitisha mshindo wa ardhi mpaka kwenye mishipa iliyo ndani, ilhali soli nene na laini ya kiatu huumeza. Sugu humkinga mtu na mwiba bila kumnyima habari za njia. Niliposoma hayo nilimwona Nana na dole gumba lake juu ya ukili.

Kuna jambo jingine katika ukoo wa neno lenyewe. Sugu na sugua ni mtu na ndugu yake. Ila kusugua huku kwetu kuna nyuso mbili. Bibi harusi wa Lamu huwekwa ndani, na somo wake, yaani kungwi, humpaka singo na kumsugua mwili mzima, siku hata siku, mpaka ngozi iwe nyororo na inukie mpaka uani. Huyo amesuguliwa kwa mafuta na mkono unaomjali, polepole, mtu akimuuliza kama anaumia. Mchukuzi wa mawe naye amesuguliwa, na jiwe. Kitendo ni kimoja. Kinachotofautisha ni nani anasugua, kwa kitu gani, na anataka nini kwako.

Sasa tuje kwenye tabia. Kiswahili kina maneno mengi ya mtu asiyeguswa na neno la mtu, na ukiyasikiliza vizuri utaona kila moja lina kiungo chake. Haya hukaa usoni. Wazee wetu walisema uso umeumbwa na haya. Kwa hiyo asiye na haya ana uso mkavu, au ni mkavu wa macho: anakopa hadharani, anakutana nawe sokoni na anakutazama mpaka wewe ndiye unayeinamisha kichwa. Ukaidi hukaa kichwani, ndiyo kichwa kigumu, au masikioni, ndiyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Ukatili hukaa ndani zaidi. Ukisema fulani ana roho ngumu, kwa watu wengi umesema hana huruma, ingawa nimelisikia neno hilo hilo kwa sifa, juu ya muuguzi aliyeshona jeraha la kutisha bila mkono kumtetemeka. Shupavu nalo limesafiri. Asili yake ni kushupaa, kukakamaa, na zamani mtoto mshupavu alikuwa mtoto anayehitaji kurudiwa. Leo shupavu ni shujaa, na tunawapa watoto wetu vyeti vyenye neno hilo. Ngangari, yaani imara asiyetikisika, ilivuma kwenye majukwaa ya siasa, hasa Zanzibar kwenye uchaguzi wa 2000, nayo imebaki na harufu ya jukwaa. Vijana wa leo wanaambiana komaa: vumilia, usilegee. Hilo nalipenda, kwa sababu lina embe na nazi ndani yake, lina muda.

Katika ukoo huo wote, sugu ndiyo peke yake inayokaa juu ya ngozi. Uso mkavu unaweza kuzaliwa nao. Kichwa kigumu watu husema umekirithi kwa ami yako. Sugu hukuzaliwa nayo. Ukiitaja sugu umekwishakiri kwamba kuna kitu kilichopita hapo mara nyingi.

Na ndivyo wanawake wa mitaani wanavyolitumia mpaka leo, nami nawaona ndio wenye lugha hasa. Mke aliyeolewa kwenye nyumba ya maneno atamwambia shoga yake, "Nishayazoea, moyo umeota sugu." Hajisifu hapo. Anaeleza kwamba ameumizwa mahali pamoja kwa muda mrefu. Angalia kitenzi: kuota. Sugu imemwota. Mtu wa kumfariji hatamwambia apunguze sugu. Atamuuliza nani anamsema.

Sikiliza sasa lugha ya ofisi na ya magazeti. Mdaiwa sugu. Mhalifu sugu. Mlevi sugu. Mtoro sugu. Hapo hakuna kuota tena. Mtu hana sugu, yeye ndiye sugu. Mkono umeondoka, kamba imeondoka, jiwe limeondoka, na kilichobaki ni mtu mmoja amesimama peke yake na kosa lake, kana kwamba alitoka tumboni mwa mamake hivyo. Ninavyoona, pengo lililo baina ya "ana sugu" na "ni sugu" ndipo tulipopotelea. Wapo waliolichukua neno hilo la pili wakaligeuza fahari, kama Joseph Mbilinyi wa Mbeya, Tanzania, aliyejulikana kwa jina la Sugu tangu enzi zake za muziki na akaingia nalo Bungeni kuanzia 2010 mpaka 2020. Anayejiita mwenyewe sugu anadai ustahimilivu, na ana haki. Anayeitwa na mwenziwe amefungiwa mlango.

Madaktari wamelitumia kwa uadilifu zaidi. Wanaposema usugu wa dawa, hawasemi kijidudu kimezaliwa kikaidi. Wanaeleza kisa kizima: dawa imetumiwa ovyo, dozi imekatwa katikati, vidudu dhaifu vimekufa, vile vilivyoweza kuhimili vimebaki vikazaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alionya juu ya jambo hilo katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945, dawa yenyewe ikiwa bado changa. Sisi wa pwani tumeliona kwa macho yetu kwenye malaria. Klorokwini ile chungu tuliyonyweshwa utotoni ilishindwa nguvu, na Kenya ikaacha kuitegemea kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Iliyoifuata nayo ikachoka, na mwaka 2004 sera ikahamia kwenye dawa mseto zenye artemisinini. Hapo kila mtu anauliza swali la haki: nini kilifanyika mpaka vidudu vikawa sugu? Natamani swali hilo tungewauliza na binadamu.

Kuna na magonjwa sugu, yale yanayokaa na mtu, kama presha na kisukari. Jirani yetu mmoja ana kisukari cha muda mrefu. Alikuwa mtu wa jahazi, na nyayo zake zilikuwa ngumu za kukanyagia chaza. Sukari ilipopanda kwa miaka bila kudhibitiwa, iliharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Alikanyaga kipande cha chupa pale gatini akaenda nacho mpaka nyumbani, na mkewe ndiye aliyeiona damu kwenye sakafu. Hapo ndipo ilipo tofauti niliyotaka kuieleza. Ana sugu zile zile alizokuwa nazo ujanani, na ujanani alihisi changarawe. Kilichomtoa hisia ni ugonjwa wa ndani. Hata ukoma, uliotisha watu kwa karne nyingi, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kushambulia mishipa ya fahamu. Kutohisi ni maradhi na hutibiwa kama maradhi. Siku hizi mkewe humkagua nyayo kila usiku kwa tochi ya simu, na zahanati imemkataza asizikate sugu hizo kwa wembe, kwa kuwa kwa mwenye kisukari kidonda kidogo huweza kumalizikia kwenye kukatwa mguu. Huziosha, humpangusa mpaka baina ya vidole, humpaka mafuta.

Mtoto wa nyumba hiyo ndiye aliyenifanya niandike haya.

Mwaka jana mama yake alikuja kwa mamangu na barua ya shule mkononi, nikaitwa niisome. Ilikuwa fupi. Ilisema mwanawe ni mtoro sugu, ameonywa mara nyingi, habadiliki, na mzazi afike. Mama alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Sugu ya nini?" Hakuwa anacheza na maneno. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu yeye anazijua sugu za mwanawe ziko wapi. Baba alipoacha bahari, kijana alianza kufuatana na mjomba wake usiku wa giza, siku zisizo na mwezi, kuvuta jarife, wavu mkubwa wa kuvulia. Kamba ya jarife ikilowa maji ya chumvi hukata nyama. Wanarudi alfajiri, samaki wanauzwa, dawa za baba zinanunuliwa, na mtoto anaanguka kitandani saa ambayo wenzake wanapiga mstari.

Alikuwa amechapwa pia. Kenya ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 29 inamkinga kila mtu na adhabu ya namna hiyo, lakini fimbo bado zipo, na bado nawasikia watu wazima wakijitetea kwa methali ya punda haendi bila ya kigongo. Mimi nimeishi na punda maisha yangu yote. Huku kwetu wao ndio malori. Punda anayepigwa paja lile lile kila siku ngozi yake hukakamaa pale, manyoya yakatoka, na akaacha kuongeza mwendo anapopigwa. Mwenyewe husema punda huyu ni mkaidi, akatafuta fimbo nene. Hospitali ya punda iliyoko hapa mjini tangu 1987 huwapokea wenye vidonda vya shogi na kamba, na kazi yake kubwa ni kuzungumza na wenye punda: legeza, weka kitambaa, punguza mzigo. Punda wenyewe hawana la kufundishwa hapo.

Tulikwenda shuleni watatu, mama, mtoto na mimi. Mwalimu wa darasa, binti wa makamo aliyetoka bara na kuchoka kwake kunaonekana, alianza kusoma tarehe kwenye rejista. Mama alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa adabu, "Mwalimu, naomba umshike mkono." Mwalimu akaugeuza ule mkono ukaangalia juu. Mistari miwili ilipita kiganjani kwa mshazari, mmoja wa zamani, wa njano na mgumu, na mwingine mbichi, umepasuka katikati. Aliutazama kwa muda, akamuuliza mtoto kama anaweza kushika kalamu. Mtoto akasema anaweza, ila polepole.

Wazee walisema ngozi ivute i maji, yaani malezi ni mapema. Lakini anayeijua kazi ya ngozi anajua kwamba ukiivuta kwa pupa inachanika, mbichi au kavu.

Kilichofuata hakikuwa kikubwa. Mwalimu mkuu alikubali siku za giza mtoto afike saa nne badala ya saa mbili kasorobo, na rafiki yake amwandikie kazi za asubuhi. Mjomba alipata kijana mwingine wa kuvuta jarife baadhi ya usiku. Mfuko wa mtaa ulichukua sehemu ya dawa za baba, si zote. Kijana bado husinzia, hasa somo la baada ya chakula, na katika hesabu amebaki nyuma ya wenzake. Mwalimu ndiye aliyependekeza, bila kuombwa, kuifuta ile kauli kwenye faili lake. Tulikaa pale mezani tukitafuta ya kuandika mahali pake. Yeye alitaka "mtoro wa mara kwa mara". Mama akakataa, akasema mwanawe hakutoroka, alikuwa baharini na watu wanajua. Mwishowe mwalimu akaandika kwa mkono: "Hukosa asubuhi za siku za giza. Anavua na mjombake. Baba ni mgonjwa."